Mgodi uliiinua, barabara ikaishusha

Winnipeg, Januari

Mwanakwetu,

Salamu nyingi. Swali lako limefika: iweje Flin Flon, mji uliokuwa na watu elfu kumi hivi, uliojificha msituni kaskazini mwa Kanada, utwae ubingwa wa hoki ya barafu wa vijana wa nchi nzima mwaka 1957, halafu leo timu ileile icheze ngazi ya chini? Kwa ufupi, mgodi uliiinua na barabara ikaishusha. Kwa urefu, jitilie chai.

Flin Flon iko zaidi ya kilomita 700 kaskazini-magharibi mwa Winnipeg, pale mkoa wa Manitoba unapopakana na ule wa Saskatchewan. Mpaka wenyewe unakatiza mjini. Jina lake limekatwa kutoka kwa mhusika wa riwaya ya bei rahisi, Josiah Flintabbatey Flonatin. Mji umekaa juu ya mwamba mtupu, kiasi kwamba mabomba ya majitaka sehemu nyingi hayakuweza kufukiwa. Yalipitishwa juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu ya mbao, na watu wakayafanya njia ya kutembea. Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting ilianzishwa 1927 kuchimba shaba na zinki. Timu ya hoki ya mji, Bombers, nayo ni ya 1927. Wewe uliyekulia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wenye timu yake, huhitaji kuelezwa uhusiano huo.

Kwanza uelewe maana ya timu ya vijana kwenye hoki ya barafu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Wachezaji ni wa miaka 16 hadi 20. Umri ukipita unatoka, hata kama wewe ndiye mfungaji bora, kwa hiyo timu inajengwa upya kila msimu. Mji mdogo hauzai vijana wa kutosha wenye kipaji kwa mpigo mmoja. Lazima uwaite kutoka mbali, na anayeitwa lazima apate pa kulala, chakula na senti mfukoni. Malazi yalikuwa, na hadi leo bado ni, nyumba za wenyeji: familia inampokea kijana, inamlisha na kumpa kitanda msimu mzima. Senti za mfukoni zilitoka mgodini. Kampuni iliwapa wachezaji kazi. Timu za miji mikubwa zilikuwa na watazamaji wengi, Flin Flon ilikuwa na ajira. Ukiandika ile historia ya timu yenu ya almasi, anza na orodha ya mishahara kabla hujagusa matokeo ya mechi. Mimi naamini orodha ile inaeleza zaidi.

Sasa 1957. Kombe la Memorial, ndilo la ubingwa wa vijana wa taifa, lilianza kushindaniwa 1919, kwa kumbukumbu ya Wakanada waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Fainali ilikuwa mfululizo wa mechi hadi saba, bingwa wa magharibi dhidi ya bingwa wa mashariki. Bombers, chini ya kocha Bobby Kirk na nahodha Ted Hampson, walikutana na Ottawa-Hull Canadiens, timu ya chipukizi wa klabu ya kulipwa ya Montreal Canadiens, iliyoongozwa na Sam Pollock. Mechi zilichezwa Flin Flon na Regina, na Bombers wakashinda nne kwa tatu. Jambo moja huwa linasahauliwa: kanuni za wakati ule ziliruhusu bingwa kuazima wachezaji wachache kutoka timu zilizokwisha kutolewa. Orland Kurtenbach, aliyekuja kuwa nahodha wa kwanza wa klabu ya kulipwa ya Vancouver Canucks 1970, aliichezea Flin Flon kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukiona jina kwenye picha ya ubingwa, usidhani mwenye nalo alicheza hapo msimu mzima. Kagua orodha ya ligi kwanza.

Kwenye kikosi hicho alikuwemo Pat Ginnell. Mwaka 1966 alirudi kama kocha, na kipindi chake ndicho kinachotajwa zaidi, kwa sababu ya vijana wawili. Bobby Clarke alizaliwa Flin Flon kwenyewe, 1949. Reggie Leach aliletwa kutoka Riverton, kando ya Ziwa Winnipeg, mamia ya kilomita kusini. Msimu wa 1967–68, katika mechi 59, Leach alifunga mabao 87 na Clarke alipata pointi 168. Usiruke kabla hujajua pointi ni nini. Katika hoki, mfungaji anapata pointi moja, na hadi wachezaji wawili waliogusa mpira kabla yake wanapata moja moja. Bao moja linaweza kuzaa pointi tatu. Zile 168 za Clarke ni mabao 51 na pasi za mabao 117. Alikuwa mpikaji, Leach mlaji. Na nikisema mpira namaanisha kile kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi.

Clarke alikuwa na kisukari cha utotoni, cha kuchoma insulini, na timu kubwa zilimwogopa. Ginnell alimpeleka hospitali ya Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, madaktari wakathibitisha kwamba akijitunza anaweza kucheza kama wengine. Hata hivyo, katika mgao wa 1969, yaani klabu za kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu, alichaguliwa wa 17, na Philadelphia Flyers. Kambi ya kwanza alianguka mara mbili kwa sababu hakuwa akila vizuri kabla ya mazoezi. Baada ya hapo mtunza timu alimpangia utaratibu: kabla ya mechi Coca-Cola yenye vijiko vitatu vya sukari, mapumziko nusu glasi ya maji ya machungwa yaliyoongezwa sukari, mwisho wa mechi glasi nzima, na begini daima chokoleti na tyubu ya glukosi. Flyers wakachukua Kombe la Stanley, la ligi kuu ya hoki ya kulipwa, 1974 na 1975, yeye akiwa nahodha.

Bombers walikuwa mabingwa wa ligi ya magharibi 1969 na 1970. Utauliza kwa nini basi hakuna Kombe la Memorial la miaka hiyo. Ligi yao ilikuwa imejitenga na chama cha taifa tangu 1968, na ilirudi 1970 ubingwa ukiwa umekwisha kutolewa. Fainali yao mbadala ya 1969, dhidi ya St. Thomas Barons wa Ontario, ilivunjika St. Thomas walipokataa kuendelea baada ya ugomvi uwanjani. Hapa wanahistoria wa mtaani hugombana sana, na nadhani wanagombania kikombe cha bati.

Sasa barabara. Mwaka 1971 ligi ilijitanua hadi pwani ya Pasifiki: Victoria, Vancouver, New Westminster. Kutoka Flin Flon hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa basi, majira ya baridi, na kivuko cha baharini juu yake ukienda Victoria. Vijana wanafika miguu imevimba, wanacheza mechi kadhaa kwa mkupuo ili safari ilipe, wanarudi. Wageni nao hawakupenda kuja. Kulikuwa na utani wa "homa ya Flin Flon": mchezaji mzima wa afya anaugua ghafla siku ya kupanda basi. Tiketi za mji mdogo haziwezi kulipia mafuta ya namna hiyo. Ginnell aliondoka 1973 kwenda Victoria. Mwaka 1978 nafasi ya timu kwenye ligi ilihamishiwa Edmonton, kisha Great Falls, kisha Spokane, na ikafia huko.

Jina halikufa. Mwaka 1984 Bombers waliingia ligi ya vijana ya Saskatchewan, ngazi moja chini, ingawa uwanja wao, Whitney Forum, uko upande wa Manitoba. Mwaka 1993 walitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la ANAVET, la kukutanisha mabingwa wa mikoa hiyo miwili. Ngazi ya chini ilikuwa na faida moja kubwa: vyuo vikuu vya Marekani viliwahesabu wa ligi kubwa ya vijana kuwa walipwaji na kuwafungia mlango, lakini wa ngazi hii waliruhusiwa. Mzazi mwenye akili alimleta mwanawe Flin Flon kwa sababu hiyo. Kuanzia Agosti 2025 vyuo vimeondoa marufuku hiyo, kwa hiyo chambo kimekwisha. Hilo linanitia wasiwasi kuliko kufungwa kwa tanuru la kuyeyushia shaba 2010, au mgodi wa 777 mwezi Juni 2022.

Na barabara bado ipo. Tarehe 6 Aprili 2018 basi la Humboldt Broncos, wapinzani wa Bombers kwenye ligi hiihii, liligongana na lori lililopita alama ya kusimama kwenye makutano wakati timu ikienda Nipawin. Walikufa 16. Mwaka uliofuata Saskatchewan ililazimisha madereva wapya wa malori kusoma angalau saa 121.5 kabla ya leseni.

Uliuliza pia barafu inatengenezwaje. Chini kuna zege lenye mabomba ya maji ya chumvi baridi. Maji yanapuliziwa tabaka jembamba baada ya tabaka, yanapakwa rangi nyeupe, mistari inachorwa, kisha maji tena mpaka unene wa sentimita tatu hivi. Ikizidi, ubaridi wa chini haufiki juu na uso unalainika. Ikipungua, kisu cha kiatu kinachimba hadi kwenye rangi. Gari la kulainisha humwaga maji ya moto, kwa sababu yanashika vizuri kwenye michubuko na yana hewa kidogo ndani.

Nijibu hili: ofisi ya mgodi wenu ilihifadhi vitabu vya mishahara vya wachezaji, au vilichomwa? Na wale waliotoka mikoa mingine walilala kwa nani?

Wasalimie nyumbani.

Wako wa siku zote