Chipu ya ubongo na mabishano ya kijiweni

Mhariri, naomba kanafasi. Huku Mbuyuni, Moshi, tangu watu waone klipu ya yule Mmarekani Noland Arbaugh anacheza chesi kwenye kompyuta kwa kuwaza tu, ni kelele, huyu anasema ndo chapa ya mnyama hiyo, yule anasema wazungu watasoma mpaka namba yako ya siri ya M-Pesa kichwani. Jamani! Kijana alipooza mwili baada ya ajali ya kwenye maji 2016, Januari 2024 akawekewa kwenye ubongo chipu ya Neuralink, kampuni ya Elon Musk, ina vinyuzi vyembamba vyenye elektrodi (vinasa umeme vidogo sana) 1,024, vinanasa umeme wa seli za ubongo zinazoongoza mkono afu kompyuta inakisia anataka kusogeza mshale wapi, basi. Na si jipya kiviile, Mmarekani mwingine aliyepooza, Matt Nagle, aliwekewa kifaa cha namna hiyo 2004.

Cha kuuliza ni kwamba vinyuzi vingi vya Noland vilichomoka baada ya wiki chache tu, na je kampuni ikifilisika nani ataitoa hiyo chipu kichwani?

Afu tunao vijana wa bodaboda waliovunjika uti wa mgongo, mama anamgeuza kitandani usiku kucha asipate vidonda, hao mbona hatuwabishanii? Andikeni basi hata kitimwendo kinapatikana wapi kwa bei ya kueleweka.

Msomaji wenu, Moshi