Barua kwa wenye ukumbi: fulana ya bendi imekuwaje ghali kuliko tiketi?

Kwa Meneja,
Kampuni inayoendesha ukumbi.

YAH: BEI YA FULANA NA VITU VINGINE VYA BENDI KWENYE SHOO ZENU

Habari za kazi wakubwa. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, siyo wa kuja mara moja akapotea, na hii barua nimeianza mara tatu nikaifuta maana ya kwanza ilijaa maneno ambayo hata mimi niliyaonea aibu asubuhi yake. Hii nadhani imepoa kidogo.

Juzi nilikuja kwenye shoo. Tiketi nilinunua mapema, foleni nilipanga bila kelele, sauti ilikuwa safi kabisa na jamaa wa mitambo mpeni hongera zangu. Sasa shoo ilipoisha nikaenda kwenye meza ya bidhaa, nilikuwa nimejipangia fulana moja na sidii ya ile bendi changa iliyofungua, nikaangalia bei ya fulana, nikadhani macho yamechoka na zile taa, nikasogea nikasoma tena. Fulana moja, pamba ya kawaida tu, mchoro wa rangi mbili kifuani na tarehe za ziara mgongoni, imezidi bei ya tiketi niliyoingilia! Yaani watu wanne na vyombo vyao wamenipigia muziki saa moja na nusu, jasho linawatoka, kwa hela ndogo kuliko kitambaa chenye picha yao. Bei ya hudi sikuuliza hata.

Nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wanalifanya, nikamkunjia uso dada aliyekuwa anauza. Nikamwambia kwani siku hizi bendi mmetajirika hivyo mpaka mnatukamua namna hii? Dada wa watu wala hakukasirika, alionekana kachoka tu, akaniambia kaka yangu, robo ya hiyo bei inabaki hapa hapa ukumbini, na siyo robo ya faida, ni robo ya mauzo yote, usiku tukimaliza tunakaa na mtu wao tunahesabu, zimeingia fulana ngapi, zimebaki ngapi, ndipo wanakata chao tunaondoka. Nikanyamaza. Nilienda kumgombeza mtu ambaye naye amekamuliwa.

Toka siku hiyo nimesoma sana kuhusu hii biashara na kumbe siyo nyinyi peke yenu, kumbi nyingi tu zinakata komisheni kwenye vitu vya bendi, asilimia 20, 25, kwingine 30, nguo ndizo zinazoumizwa zaidi, sidii na santuri mara nyingi wanazipunguzia. Kuna mahali hata kuuza mwenyewe huruhusiwi, lazima auze mtu wa ukumbi na bendi imlipe. Haya.

Sasa mniruhusu nipige hesabu kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tuseme bendi inataka kila fulana iwarudishie 75, humo walipe kiwanda, usafiri, muuzaji, kodi, kibaki cha kula. Bila nyinyi ningeinunua kwa 75. Nyinyi mkitaka robo, bendi haiwezi kuongeza robo tu ikasema yameisha, ikiongeza robo bei inakuwa karibu 94, mkishakata wanabaki na 70, wamepata hasara. Ili ile 75 ifike mkononi mwao lazima fulana iuzwe 100. Kwa hiyo robo yenu nyinyi ikifika kwenye mfuko wangu imeshakuwa theluthi, na kwenye kile kibao cha bei hakuna mahali jina lenu limeandikwa, limeandikwa la bendi, na lawama zote zinaenda kwa bendi kama nilivyozipeleka mimi kwa yule dada.

Na mmefanya nini kwenye hiyo fulana? Hamkuichora, hamkuichapisha, hamkuibeba. Zikibaki saizi zisizotoka zinarudi kwenye gari lao wahangaike nazo mji hadi mji, hazilali kwenye stoo yenu. Mmetoa meza. Na meza yenyewe mguu mmoja ulikuwa umewekewa boksi lililokunjwa ndo isiyumbe, niliona.

Najua mtasema ukumbi una gharama, kuna umeme, walinzi, usafi, bima, mishahara. Nakubali, na sitaki ukumbi wowote ufungwe, ukumbi mdogo ukifa bendi changa haina pa kuanzia. Lakini ukumbi si ulishakodishwa? Kwenye tiketi yangu si kulikuwa na ada ya huduma, juu yake tena ada ya kutuma tiketi ambayo nilijiprintia mwenyewe? Halafu baa. Watu mia kadhaa walikuja pale kwa sababu ya bendi, wakanywa usiku kucha, je bendi inapata asilimia ngapi ya vinywaji? Mkinijibu kwamba inapata robo, hii barua naifuta na naomba radhi hadharani.

Msidhani nabishana kwa ajili ya kitambaa tu. Siku hizi wimbo ukisikilizwa mara moja mtandaoni unalipa kipande cha senti, na hicho kipande chenyewe wanagawana wengi, kwa hiyo kwa bendi ya kawaida ile meza ya fulana ndiyo mafuta ya gari ya kesho. Wasanii wakubwa wanaojaza viwanja watajadiliana na nyinyi kupitia mameneja na mawakili, hao siwalilii. Nawalilia wale wanaofungua, wanaolipwa hela ya mboga, wanauza sidii kumi na tano usiku mzima na nyinyi mnakuja na kalamu kukata kwenye hizo kumi na tano.

Na inawezekana kuacha, msiniambie haiwezekani. Uingereza umoja wa wasanii unaoitwa Featured Artists Coalition mwaka 2022 ulianza kuweka orodha ya kumbi zisizokata hata senti kwenye bidhaa za bendi, kumbi zenyewe zimejiandikisha kwa hiari. Marekani mwaka huo huo chama cha wanamuziki cha UMAW kilianzisha kampeni ya kutaka haya makato yakome, na Septemba 2023 Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa shoo na kumiliki kumbi, ambao hakuna atakayewaita wadogo wala wa sadaka, walitangaza kwamba kwenye klabu zao hawatakata tena kwenye bidhaa. Kumbi za kujitegemea zilinung'unika kwamba mkubwa anataka kuwabana, na pengine kweli anataka, mimi simtetei. Nasema tu mkubwa kama yule akiweza kuiacha hela hiyo ikapita, basi ilikuwa inaachika.

(Ipo hata njia ya Fugazi, bendi ya Washington, wao waligoma kabisa kuuza fulana wakapigania tiketi ibaki dola 5. Matokeo yake watu wengine wakatengeneza fulana iliyoandikwa "hii siyo fulana ya Fugazi" wakauza wao. Kwa hiyo ninyi watu wa biashara mtulie, hamu ya fulana haiishi.)

Hilo linanileta nje ya geti. Nilivyotoka bila fulana nikakuta vijana wametandaza fulana feki chini, zimechapishwa haraka haraka, jina la bendi limekosewa herufi moja, bei ni kama theluthi ya ile ya ndani. Watu walikuwa wamejaa pale kuliko kwenye meza yenu. Hapo bendi haipati kitu, nyinyi hampati kitu, na mimi ningeinunua ingechuja kabla ya shoo inayofuata. Sikununua, lakini nisijisifu, nilisimama pale muda mrefu nikifikiria. Mnawaletea wale vijana wateja mpaka mlangoni halafu mnawatuma walinzi wakawafukuze.

Ninachotaka siyo kurudishiwa hela, maana sikununua kitu zaidi ya ile sidii, na hela yake nilimpa kijana wa ile bendi changa mkononi kwa keshi. Nataka kwanza mwandike pale mezani, kwa maandishi yanayosomeka, kwamba katika bei hii ukumbi unachukua asilimia kadhaa. Kama ni haki yenu mnaona aibu gani kuiandika? Mimi nikijua nitaamua mwenyewe, ninunue pale au niagize kwenye tovuti ya bendi kesho yake. Pili bendi zinazofungua msiziguse kabisa, hicho mnachopata kwao hakiwezi hata kulipa zile balbu za chooni ambazo tangu mwaka jana hazijabadilishwa, hilo nalo ni lalamiko ila tuliache leo. Kwa bendi kubwa kaeni nao mzungumze, kama lazima mchukue kitu basi chukueni kwenye faida baada ya gharama, au ada moja ya meza inayojulikana kabla, siyo kukata kwenye mauzo yote kama vile nyinyi ndiyo mlioimba.

Nina tiketi ya shoo yenu nyingine mwezi ujao na nitakuja, sina pengine pa kwenda kuiona hiyo bendi na mnalijua hilo. Nitapita mezani kuangalia kama kibao kimewekwa. Jibu nitumieni kwa imeili ile ile niliyonunulia tiketi, mnayo, maana kila Jumatatu mnanitumia matangazo.

Ni mimi mteja wenu,
yule wa upande wa kushoto karibu na spika