Barua ya wazi kwa wanamuziki vijana wa Dodoma

Wanangu wa ngoma na wanangu wa studio, mbukwenyi.

Majuzi mjukuu wangu alinionyesha video kwenye simu. Akina mama wanapiga muheme, kila mmoja amebana ngoma yake mapajani, mwimbishaji anaachia sauti juu na wenzake wanaipokea. Pembeni kijana ameshika zeze. Ni watu wetu wa huku Chamwino, niliwatambua kwa mapigo kabla sijawatazama sura. Waliotazama video hiyo ni wengi kuliko wakazi wa kijiji chenyewe. Aliyeiweka ni mgeni aliyekuwa anapita, na juu yake ameandika kwamba ni ngoma ya kabila la Kiafrika. Basi. Hakuna kikundi, hakuna kijiji, Dodoma haimo, hata Tanzania haimo.

Nikamwambia mjukuu anisomee komenti. Mmoja anauliza hawa ni akina nani. Mwingine anataka kujua albamu yao inauzwa wapi. Mtanzania aliye ughaibuni anauliza, "Hawa si Wagogo jamani?" Hakuna aliyejibiwa. Nikamtafuta kijana wa zeze. Akaniambia anaijua hiyo video, alishaiona zamani na akaipenda. Ana simu, ana bando, kutwa yuko mtandaoni, lakini hakuandika hata mstari mmoja wa kusema: hao ni sisi, tunapatikana mahali fulani, namba yetu ni hii.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mnalalamika kwamba muziki wa Dodoma hausikiki, kwamba kila kitu ni Dar es Salaam. Utasikikaje bila jina? Mfugaji wa kwetu hapeleki ng'ombe malishoni kabla hajamtia alama.

Mzee Hukwe Zawose alizaliwa Doguda, mkoa huu huu. Alifundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na akaipeleka ilimba, kile chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na zeze katika majukwaa ya dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Alipiga muziki ule ule ambao babu zenu walipiga. Lakini albamu ya Chibite iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1996 ina jina lake, kwa hiyo hata leo mtu akiwa popote akiliandika anampata. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha kwa kampuni hiyo hiyo, wakijiita The Zawose Queens. Na hao ni wanawake, ambao zamani kwenye muziki wa ilimba na zeze nafasi yao ilikuwa kuitikia nyuma ya wanaume. Jina la ukoo lilitunzwa, nao wakapata pa kusimama. Wapigaji wangapi wa rika la mzee Hukwe walikuwa hodari kama yeye na leo hatuwezi hata kuwataja?

Kwa hiyo sikilizeni. Kila mnachoweka, iwe YouTube, TikTok au Facebook, kiandikiwe: jina la kikundi, jina la wimbo, aliyetunga, aliyeimbisha, aliyepiga zeze, kijiji, wilaya, mwaka, namba ya simu. Mtu anayetafuta muziki anaandika maneno, na asipokuta maneno yenu atakuta ya mwingine. Jina liwe moja kila mahali. Msijiite kwa Kigogo huku, kwa Kiswahili kule, na kwa Kiingereza kwenye bango la tamasha. Mtu mwingine akiwarekodi, mwombeni pale pale aandike jina lenu, na akishaiweka nendeni mkaandike wenyewe chini yake.

Halafu wajibuni watu. Kiki haziwezi kufanya kazi hii. Nimeona kijana wa hapa mjini akitangaza ugomvi wa uongo na mwenzake ili wimbo usambae. Watu walikuja kutazama ugomvi, na ulipokwisha wakaondoka bila kuujua hata wimbo. Shabiki ni yule anayeuliza zeze lako lina nyuzi ngapi. Mjibu, tena kwa jina lake. Kesho mrekodie video fupi ukivuta na kusukuma vyuma vya ilimba kimoja kimoja, unakigonga kwa kidole gumba, unasikiliza, unakirudisha kidogo, mpaka sauti ikae. Kwenu hilo ni jambo la kila siku, kwa mtu wa mbali ni ajabu, na atarudi kesho kuona kingine. Wa bongo fleva na wa injili vilevile: onyesheni mnavyotunga na mnavyokosea mazoezini. Wanaorudi mara kwa mara wafungulieni kundi la WhatsApp, wapate wimbo kabla ya wengine.

Mengine nayataja tu. Neno la siri la chaneli lisikae kwa prodyuza wala kwa meneja peke yake. Msinunue wafuasi. Kwa video ndefu, YouTube inataka watu 1,000 waliojiunga na chaneli na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ianze kugawana nanyi pesa ya matangazo, na ikigundua watazamaji wa kununua inawafuta. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kabla ya kwenda studio andikianeni nani ana sehemu gani ya wimbo. Wimbo mkiutuma kwa WhatsApp, utumeni kama faili ili sauti isipungue. Na simu ishikeni imelala mnapopiga ngoma, kikundi kizima kionekane.

Nina neno pia kwa wakubwa, maana vijana hawakujifunza wenyewe kuficha majina yao. Tangu serikali ihamie hapa, hapiti mwezi bila mkutano mkubwa. Kikundi kinaitwa alfajiri, kinapiga ngoma juani wageni wakishuka kwenye magari, kisha mshereheshaji anasema, "Tuwapigie makofi vijana wetu wa ngoma." Wageni wote wametajwa kwa vyeo vyao. Waliocheza wanapewa soda na nauli, tena nauli yenyewe wakati mwingine inaishia kwa aliyewakusanya. Mnaosema mnaenzi utamaduni, wekeni jina la kikundi na kijiji chake ndani ya ratiba, mshereheshaji alisome kabla ngoma ya kwanza haijalia, mpiga picha wenu aliandike chini ya kila video anayoiweka kwenye kurasa zenu, na malipo yaingie siku ile ile kwenye namba ya kikundi.