Anti, eti namchanganya mtoto

Anti, salamu. Nakuita anti kama wanavyokuita wengine, ingawa kwa umri huenda wewe ni mwanangu. Ni saa tisa usiku, Tabata nzima imelala, mimi nahesabu boriti kwa sababu ya neno moja: "Mama, unamchanganya mtoto." Mkwe wangu kanambia hivyo sebuleni, mbele ya dada wa kazi. Mimi, niliyeshika chaki darasa la kwanza mpaka nikastaafu.

Sigombani na mtu. Shule ya Kiingereza wamechagua wao, ada wanalipa wao, mtoto ni wao. Nilichokuwa nachukua ni dakika 15 za jioni za kumfundisha kusoma Kiswahili, akishaoga, kabla ya katuni. Sizidishi hapo, maana mtoto wa miaka 6 akichoka anasoma uso wako, hasomi kadi. Kadi nimekata kwenye manila, herufi ndogo tupu kwa kuwa ndizo zilizojaa kitabuni. Irabu nyekundu, konsonanti bluu. Nikaanza na m, k, t na l. Ma, me, mi, mo, mu. Zikishakaa, tunaunga: ki-ti, mo-to, la-la. Herufi b na d sizitoi wiki moja, mtoto huona ni herufi ileile imegeuka. L na r nazo nazitenganisha, la sivyo utaambiwa "kurara" mpaka mwaka uishe. Sasa hapo nimechanganya nini?

Makofi ya kuhesabia silabi ndiyo yaliyomkera mkwe, anasema kelele. Lakini mtoto hawezi kuandika silabi ambayo sikio lake halijaikata. "Mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi, kwa kuwa m imeng'ang'ania b. "Mtoto" ni matatu, m-to-to, m imesimama peke yake. Asipopiga makofi atakuandikia "buzi" na "mutoto", na wewe utamgombeza bure. Ngoma na ng'ombe hivyohivyo: namwambia ashike pua. Ng' inamalizikia puani yote. Kwenye ngoma anaisikia g ikigonga kooni. Ule mkato wa juu tumeuita kofia, na sasa haisahau kofia ya ng'ombe hata umwamshe usiku.

Kilicholeta kesi ni imla ya shuleni. Maneno 10 ya Kiingereza, akapata 3. Milk kaandika "miliki", book kaandika "buku", table kaandika "tebo". Mkwe akasoma ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Yaani ni zile silabi za bibi.

Nitasema ukweli kwako tu, anti. "Miliki" na "buku" ni zangu. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia irabu, basi mtoto akikuta k imebaki mwishoni anaitafutia irabu ya kuegemea. Nilijua, nilikuwa sijafika huko. Na dawa yake si ngumu: aseme "mil", halafu k aitoe kwa pumzi tupu, kiganja mbele ya mdomo, ahisi upepo. Akisikia sauti badala ya upepo, irabu imeingia, arudie. Lakini "tebo" si yangu! Ndivyo anavyolisikia, na ile le ya mwisho hakuna sikio litakaloipata, hiyo ni kazi ya macho. Maneno ya namna hiyo, table, one, said, hayapigiwi makofi. Ni kutazama, kufunika, kuandika, kufunua na kulinganisha. Akikosea aandike upya neno zima, si herufi moja iliyokosewa, maana mkono nao unakariri.

Mbona upande wa pili hausemwi? Kuna siku kaandika "meme", anamaanisha mimi. Kiti kaandika "kete". Nani kamfundisha? Huko shuleni kwao e inaitwa "ii", a inaitwa "ei", i inaitwa "ai". Kapewa majina ya herufi kabla ya sauti zake, akayabeba mpaka kwenye Kiswahili. Mimi sikumwambia mtu kwamba anamchanganya mtoto, sembuse mbele ya dada wa kazi. Nilinunua madaftari mawili, la bluu Kiswahili, la kijani Kiingereza, kila moja na siku yake, na kabla hajashika penseli namuuliza: leo hii e inasemaje?

Herufi kubwa kajifunzia kwenye daladala. SEGEREA, KIMARA, MNAZI MMOJA. Bure kabisa.

Na maneno yenyewe hana, anti. Kwake mwiko ni kijiko, upawa ni kijiko. Simpi orodha wala simtafsirii. Maneno matatu kwa siku, kitu kikiwa mkononi mwake: mwiko wa kusongea ugali, upawa wa kuchotea mchuzi, kifumbu cha kuchujia tui. Kila neno alitumie mwenyewe mara tatu kabla ya kulala, kesho yake namuuliza bila kumwonyesha kitu. Juzi kauliza kwa nini mbuzi ya nazi inaitwa mbuzi. Nikamwambia yule wa kamba ni mbuzi huyu, hii ya jikoni ni mbuzi hii. Akazunguka nyumba nzima anagawa vitu, huyu, hii, huyu, hii. Mtoto aliyechanganywa ndivyo anavyokuwa?

Tangu Jumamosi kadi zangu ziko juu ya kabati, kaziweka mkwe. Mwanangu kaona, kanyamaza, kaendelea na mpira wake.

Sitaki kufundisha tena. Wamfundishe wenyewe, mimi nirudi zangu Mkuranga nikalime mihogo. Ila Ijumaa ana imla nyingine, na kwenye orodha kuna fish, desk na lamp, na bila ile ya kiganja ataandika "fishi", "desiki" na "lampu", kisha tutazamane tena. Karatasi ya maneno kaniletea huyohuyo dada wa kazi, kimyakimya. Nimeshakata kadi 10 mpya, ziko chini ya godoro.

Niombe ruhusa kwa mkwe? Nikiomba si nitakuwa nimekiri? Au nimwelekeze dada wa kazi ile ya kiganja, amfanyishe mtoto wakati wa kumwogesha, mimi nikae zangu barazani kama sijui lolote?

Bibi, Tabata