Bundi wawili na kiatu kimoja

Malindi,
Januari

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu sana. Huku hatujambo. Bibi anakohoa kidogo, ila ulimi wake mzima kabisa, na anakusalimu.

Nakuandikia unicheke. Msitu wa Arabuko-Sokoke tumeupita kwa matatu tangu tukisoma, Mombasa kwenda, Mombasa kurudi, kila mara tukisinzia. Jumamosi nilishuka Gede alfajiri, nikaingia na kijana wa Kigiriama anayetembeza watu.

Alinipeleka upande wa udongo mwekundu, miti mifupi imesongamana, huoni hatua kumi mbele. "Dada, simama hapo hapo." Akainama, akapenya, mara namwona ananipungia mkono. Kwenye tawi, usawa wa kifua changu, bundi wawili wamelala bega kwa bega. Zuhura, bundi wenyewe ni kama ngumi! Uzito wake haushindi yai la kuku. Mmoja wa kijivu, mwenzake mwekundu kama vumbi la tofali, na kumbe ni aina ile ile. Yule mwekundu alifungua jicho moja la manjano, akanitazama, akalifunga. Nilijiona nimedharauliwa vizuri.

Ndege huyu duniani yuko kwetu hapa Kilifi na kule milima ya Usambara, Tanzania, basi. Nilipomhadithia Bibi akasema, "Awe kama ngumi, awe kama kidole, uchuro ni uchuro," akaniamuru nioge kabla ya kuingia jikoni.

Kuna mwingine ambaye hata Watanzania hawana: mnana wa manjano na mweusi, wa Kilifi peke yake. Wataalamu walimpa jina mwaka 1913, lakini viota vyake havikuonekana mpaka 2013, katika kinamasi kule Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Miaka mia anawazungusha watu! Sikumwona. Na Dakatcha ndiko watu wanakokata miti wakachoma makaa. Nimerudi nyumbani nikaliangalia gunia langu pale mlangoni, nikanyamaza.

Jioni tukaenda hori ya Mida, ule mkono wa bahari. Kijana alinishauri tungoje maji yajae, maana yakijaa ndege wanasukumwa mpaka karibu na mikoko. Mimi na haraka zangu nikateremka maji yangali makavu. Hatua ya nne tope likameza kiatu cha kushoto, kile nilichonunua Iddi. Kipo huko hadi leo. Nikakaa kwenye daraja la mbao na mguu mmoja mtupu, na maji yakaja polepole, na ndege nayo. Walio wengi siwajui majina. Ila wale weupe wenye mgongo mweusi, walaji kaa, niliwatambua: mmoja alimbana kaa kwa mdomo wake mnene, akammeza na miguu yake yote. Hao hutaga upande wa Uarabuni, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, kisha huja kwetu na kaskazi kama majahazi ya zamani.

Njoo kabla kusi haijaanza, wasije wakaondoka. Angalia bamvua ni lini, uje siku hizo, na uvae viatu usivyovipenda. Bibi anataka halua.

Wako,
Mwanaisha