Pwani iliyopanda

Longyearbyen, Svalbard
Agosti 9

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi, na kwanza niwie radhi. Miezi mitatu ya kimya si tabia yangu, na najua Bi Rukia ameshalisema hilo mtaa mzima. Mimi mzima huku Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini. Jua halijazama tangu nifike, na swala nafuata saa za Makka kama ulivyoniuliza.

Kilichonishikisha kalamu ni gogo. Jumanne tulivuka kwa boti ng'ambo ya Isfjorden, ule mkono mpana wa bahari unaoingia ndani ya kisiwa cha Spitsbergen. Huku mti haumei, shoga. Kuna kichaka kinachotambaa tu, hakifiki kifundoni. Sasa juu kabisa, mbali na maji, nikakuta gogo zima limelala kwenye changarawe, la kijivu kama ubao wa jahazi kuukuu. Mwalimu wetu, bunduki begani kwa ajili ya dubu, akasema limetoka Siberia. Mito ya kule, Yenisei na Lena, huyazoa magogo hadi baharini, yakanaswa kwenye barafu, nayo barafu ikayaleta huku. Haya, nikamuuliza, na kilimani lilipandaje?

Halikupanda. Pale tuliposimama ndipo ilipokuwa pwani.

Zamani barafu nene iliilalia nchi hii ikaididimiza. Ilipoyeyuka, miaka kama 10,000 iliyopita, nchi ikaanza kuinuka polepole, kama godoro la sufi la nyanya ukishaondoka. Bahari kila ilipoachwa chini, ilibakisha mstari wa changarawe, hata ukitazama kutoka majini unaona vidaraja, kimoja juu ya kingine. Mashariki huko, kwenye visiwa vya Kong Karls Land, pwani za kale ziko zaidi ya mita 100 juu. Nilikwangua kwa kisu nikapata kombe, pande zake mbili bado zimeshikana, mchanga umejaa ndani. Nililishika mpaka vidole vikafa ganzi.

Nikakumbuka majabali ya Mama Ngina, pale ufukweni kwetu Mombasa, tulipokuwa tukila mihogo. Yale matumbawe na makombe ndani ya jiwe nayo yalikuwa bahari, miaka kama 125,000 iliyopita. Ila kwetu maji ndiyo yaliyokuwa juu, kwa kuwa barafu ya dunia ilikuwa chache kuliko sasa. Huku nchi ndiyo iliyopanda. Tumekalia jambo kubwa hivi utoto wetu wote na hakuna aliyetwambia!

Basi naomba uniendee pale maji yakitoka, unipigie picha ya jiwe kwa karibu, sarafu ya shilingi 20 kando ili ukubwa uonekane. Nataka wenzangu waone.

Lile gogo halinitoki. Yaliyo chini ufukweni mengine yana alama za msumeno. Hili la juu halina. Lilifika kabla ya msumeno. Na nchi bado inainuka, maana barafu, iliyofunika zaidi ya nusu ya Svalbard, inazidi kupungua. Maji yake yanaingia baharini, na bahari ni moja, ndiyo maana nakuuliza: bamvua siku hizi inafika wapi kwa mjomba? Ukuta wa nyuma umesimama? Saidi amekubali kuhama? Na wewe, mtihani vipi? Umepata nyumba? Mbona hukuniambia habari ya posa mpaka niisikie kwa watu?

Picha usisahau.

Wako,
Zuhura