Majarida ya wanafunzi yasife kila mahafali

Ndugu Mhariri,

Nimesikia mara nyingi, tena kutoka kwa wahadhiri ninaowaheshimu, kwamba jarida la sera za umma linaloendeshwa na wanafunzi ni la mazoezi tu na halifai kunukuliwa. Naomba nafasi nipinge kauli hiyo, kisha nitaje kinachoyaua majarida haya.

Nilihariri jarida la aina hiyo kwa miaka miwili nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili. Kuna mswada mmoja wa makala siusahau. Mwandishi alitetea chakula cha mchana shuleni, na hoja yake nzima ilisimama juu ya takwimu moja ya utoro. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kukagua rejea aliifungua ripoti iliyotajwa. Ripoti ile ilinukuu ripoti nyingine, nayo ikanukuu gazeti, na gazeti halikutaja chanzo chochote. Alitumia siku nne kufika hapo. Takwimu ileile tuliikuta pia katika nyaraka za wataalamu waliolipwa kuziandika. Tulimrudishia mwandishi kurasa tatu za maoni. Hakukata tamaa, aliifuta takwimu hiyo, akaenda kupekua madaftari ya mahudhurio katika shule chache alizoweza kuzifikia. Makala ilipotoka ilikuwa fupi na ilidai machache, lakini kila ilichodai kilikuwa na ushahidi. Hayo ndiyo mnayoyaita mazoezi?

Wala si jambo geni. Harvard Law Review, jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani lililoanzishwa mwaka 1887, linahaririwa na wanafunzi hadi leo. Mwaka 1890, likiwa bado changa, lilichapisha makala ya Samuel Warren na Louis Brandeis kuhusu haki ya faragha, na wanasheria wa Marekani wanaijadili mpaka sasa. Nakiri kwamba uamuzi wa wanafunzi peke yao hautoshi kwenye sera. Makala ya bajeti au ya afya lazima isomwe na mtu aliyebobea katika fani hiyo, asiyejua jina la mwandishi. Ila kumtafuta mtu huyo, kumkumbusha mara tano, na kupima maoni yake kwa haki ni kazi ambayo wanafunzi wanaiweza. Tuliifanya usiku, baada ya vipindi.

Kinachoyaua majarida haya ni mahafali. Wahariri huondoka wote kwa mkupuo, na nywila huondoka nao. Jarida letu lilidumu miaka mitatu baada yetu, kisha ada ya tovuti haikulipwa na matoleo yote yakapotea. Mwandishi yule wa chakula cha shule alinipigia simu akiomba nakala ya makala yake, kwa kuwa alikuwa anaomba kazi na aliitaja kwenye wasifu wake. Nilichokipata kwenye kompyuta yangu kuukuu kilikuwa rasimu ya mwisho, bila namba za kurasa, na maoni yetu ya wino mwekundu yakiwa bado pembeni. Niliona aibu kumtumia.

Ndiyo maana naviomba vyuo vitatue jambo hili, maana halihitaji fedha nyingi. Wahariri wapya wakae na wanaoondoka kwa toleo zima, si kwa kikao kimoja cha makabidhiano. Awepo mhadhiri mlezi wa kutunza nywila, asiye na mamlaka ya kuzuia makala kwa sababu tu inakosoa sera anayoipenda. Jarida lisajiliwe lipate ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kulitambulisha jarida. Na kila toleo liwekwe maktabani siku ileile linapotoka, kwenye hifadhi ileile ya kidijitali inayotunza tasnifu.

Wakutubi, hili la mwisho liko mikononi mwenu. Toleo zima ni faili moja tu. Tafadhali lipokeeni.

Mhariri wa zamani wa jarida la wanafunzi